Bibi Khole Aomba Viza

Kila nikitoka shule nilimkuta Bibi Khole, mama yake Baba, jikoni kwetu mtaani Al Khuwair, anachambua mchele huku redio ikisoma habari kwa Kiarabu. Nilifungua vitabu vyangu pembeni yake nikafanya kazi za shule. Siku za Ijumaa, baada ya sala, simu ililia, na hakuna aliyethubutu kumtangulia Bibi kuipokea. Mpigaji alikuwa Ami Awadh, mdogo wake Baba, aliyekuwa akiishi na mkewe Rotterdam, Uholanzi.

Ijumaa moja ya mwaka 2003 aliyepiga alikuwa mkewe, Wadha. Bibi alisikiliza, kisha akanipa simu.

"Nouf," alisema Wadha, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwambie mama yako wamlete Bibi upesi. Ini la Awadh limeacha kufanya kazi. Madaktari wanasema tusingoje."

Nyumbani kwetu maradhi hayakutajwa. Baba alipopasuliwa tumbo, majirani waliambiwa amekwenda Salalah kikazi. Bibi aliamini kwamba ugonjwa ukitangazwa unapata nguvu. Jioni ile alituita Mama, kaka yangu Yazid na mimi.

"Mtu akiuliza, nnakwenda kutembea," alisema. "Awadh hajambo. Mmenisikia?"

"Basi utuletee picha, Bibi, umesimama katikati ya Waholanzi," alisema Yazid.

Hakuna aliyecheka. Yazid mwenyewe aliinamisha kichwa, maana Ami Awadh ndiye aliyemfundisha kuogelea.

Baba alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta, mbali jangwani, kwa hiyo Mama alitupeleka yeye Ruwi, kwa wakala wa safari. Bibi alimwambia yule wakala kwamba anataka kutembea Ulaya. Naye akashughulikia alichoambiwa: hoteli ya Paris, na maombi ya viza ya utalii katika ubalozi wa Ufaransa.

"Viza hii moja inakuingiza nchi nyingi za Ulaya," alimweleza Mama.

Mama alimtazama Bibi kwa matumaini. Akamwomba wakala aongeze tiketi ya kutoka Paris hadi Amsterdam, karibu na kwa Ami Awadh, siku ileile ya kufika.

Ilibidi tungoje zamu ya kuhojiwa katika ubalozi ule. Wadha alipiga tena. Ami alikuwa amevimba miguu, halafu akawa hali chakula, halafu akawa anamwita mama yake usingizini. Bibi aliacha kulala kitandani. Alikaa kwenye mswala, na nikiamka kwenda shule nilimkuta papo hapo.

Siku ya mahojiano waliruhusu mtu mmoja tu kuingia naye. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo niliingia mimi. Mwanamke aliyekaa nyuma ya kioo alifungua pasipoti ya Bibi, akatusalimu kwa upole.

"Bibi yako anataka kuona nini Paris?" aliniuliza.

Nilimfasiria Bibi. "Mwambie majumba," alinijibu.

"Majumba gani?"

Bibi alikuwa bado anafikiri jina. Mwanamke yule akapekua karatasi zake.

"Hapa kuna hoteli ya Paris," alisema, "lakini hapa kuna tiketi ya Amsterdam siku hiyohiyo. Anakwenda wapi hasa?"

Nilimgeukia. "Bibi, ameona tiketi. Nimwambie?"

"Usimtaje mwanangu kwa watu."

"Bibi, tusipomtaja hutafika."

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nyuma yetu watu walikuwa wakingoja, na mtoto mchanga alikuwa akilia. Nilidhani Bibi atanyanyuka tuondoke. Badala yake alisogeza uso karibu na kioo, akasema kwa Kiswahili, kana kwamba mwanamke yule angemwelewa:

"Mwanangu anakufa. Nnataka kumuona kabla hajafa."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno lile. Nililifasiri, na machozi yakanitoka palepale.

Mwanamke yule alifunga pasipoti, akaisukuma kwetu.

"Sikiliza vizuri umweleze," aliniambia. "Mkiomba kwa utalii usio wa kweli, mtanyimwa viza, na kunyimwa huko kutamfuata kila atakapoomba. Nitayaondoa maombi haya. Viza huombwa kwa nchi ile anayokwenda hasa. Nendeni ubalozi wa Uholanzi. Semeni ni kumzuru mgonjwa. Pelekeni barua ya hospitali, mwaliko wa mkewe na bima ya safari. Waambieni ni haraka."

Mama alimpigia Wadha tukiwa bado barabarani. Barua ya hospitali ilikuja kwa faksi. Safari hii Bibi alipoulizwa katika ubalozi wa Uholanzi, hakungoja nimfasirie. Alianza mwenyewe, kwa Kiarabu: mwanawe anaitwa Awadh, ana ini baya, amelazwa. Viza ikatoka, ya muda mfupi, naye akasafiri.

Alimkuta hai. Alimwosha uso na kumsomea Yasini, akamshika mkono hadi mwisho. Ami Awadh akazikwa hukohuko.

Bibi aliporudi, majirani walijaa sebuleni kutupa pole. Walipoondoka aliniita nikae karibu naye.

"Wadha ameniambia," alisema, "wiki ile niliyokuwa nikitafuta viza ya kutembea, Awadh alikuwa bado anazungumza. Alikuwa akiniulizia. Nilipofika alikuwa ananitazama tu."

Nilimshika mkono.

"Nilidhani nikimficha nnamlinda," aliendelea. "Kumbe nilikuwa nnajifungia mlango mwenyewe. Yule wakala wa Ruwi angenisaidia tangu siku ya kwanza, lakini nilimpa uwongo, akanisaidia katika uwongo. Ukiwa na shida, mjukuu wangu, mwambie ukweli yule anayeweza kukusaidia, na mwambie mapema."

Kisha akaniomba nimpigie Wadha, ili amuulize yale ambayo Awadh alikuwa akiyasema wiki ile.