Uvimbe Uliofichwa Mara Mbili

Kila nikirudi kutoka skuli, kazi yangu ni kummiminia Bibi Khole kahawa na kumsomea ujumbe wa jamaa zake kwenye simu. Lakini kulikuwa na wiki mbili ambazo hata kahawa ilinikera. Bibi akitoka ukumbini, Baba na shangazi Nasriya wananong'ona. Akirudi, wanazungumzia joto. Miaka kumi na miwili yote niliyonayo, nidanganywe kwa habari za joto!

Nilimbana shangazi mpaka akaniambia. Picha za hospitali zilionyesha uvimbe kwenye ini la Bibi. Daktari Balqees alipima damu, akapiga picha nyingine, na bado hakuwa na jibu. Ulifanana na saratani, lakini upo uvimbe adimu usio na madhara wenye sura hiyohiyo, na wa Bibi ulikuwa mahali pabaya kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha kupima. Alimuuliza Baba kama mama yake aliwahi kupigwa picha ya tumbo zamani. Baba akajibu hapana, bila ya kumuuliza mwenyewe, kwa sababu kwetu mkubwa hatajiwi saratani. Bibi aliambiwa ana gesi. Kama hakuna picha ya kulinganisha, Jumapili daktari angepanga siku ya kumpasua.

"Baba, kwa nini usimuulize?" nilisema jikoni.

"Jumana, nyamaza! Unataka kumuua kwa hofu?"

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Nikaenda ukumbini, Baba nyuma yangu, nikauliza, "Bibi, umewahi kupigwa picha ya tumbo?"

"Nimewahi," alisema Bibi. "Unguja, nilipokwenda kumuuguza dada yangu. Miaka tisa sasa. Wakaniambia nna kivimbe kwenye ini."

Baba aliketi ghafla. "Mama! Na hukutwambia?"

"Nilikuogopeeni, msije mkahangaika. Picha zi kabatini, ndani ya bahasha. Na nyinyi mnanambia gesi, mie mtoto?"

Jumapili tulikwenda sote. Daktari Balqees aliweka picha mpya na za zamani pamoja kwenye kompyuta, akapima, akapima tena. 

"Haujakua hata kidogo," alisema hatimaye. "Saratani tuliyoiogopa haikai miaka tisa namna hii. Hapasuliwi. Tutampiga picha kila baada ya miezi sita."

Shangazi alilia. Baba alitaka kushukuru, lakini daktari alikuwa bado ana la kusema, na hakulisema kwa upole.

"Uvimbe kama huu unatubabaisha hata sisi madaktari. Nyinyi mlimficha mgonjwa, na mgonjwa akakuficheni nyinyi. Nilikaribia kumkata mtu ini bure! Mwenye mwili ndiye wa kwanza kuulizwa, na akiulizwa aseme yote."

Kisha akakigeuza kiti chake, akampa Baba mgongo na kumtazama Bibi. "Bi Khole, kuanzia leo nazungumza na wewe."

"Haya, mwanangu," Bibi alisema, akivuta kiti karibu. "Nionyeshe hicho kivimbe changu. Miaka tisa nnacho, na hapana hata mmoja aliyenionyesha."