Dirisha la Dobi

Mkaa ulipokolea, Dobi aliijaribu pasi kwa tone la maji. Tss. Ilikuwa tayari. Ndipo akafunga dirisha.

Alikuwa na sababu. Chumba chao kilipakana na barabara, na vumbi la pale halikuwa na adabu. Liliingia bila hodi. Mteja wake mkubwa alikuwa na nyumba ya wageni kule mlimani, na watu walimwita Bi Mashuka. Juzi alimrudishia shuka jeupe lenye doa.

"Doa lingine, natafuta dobi mwingine," alisema. Hakupaza sauti, lakini Dobi alimsikia vizuri.

Basi dirisha likafungwa, na mlango pia. Juu, bati lilichomwa na jua la mchana. Chini, pasi ya mkaa. Katikati, ndani ya kikapu cha nguo, alilala Kidagaa, mwanawe wa miezi minne, akiwa na sweta lake na kofia yake.

"Mtoto hukingwa na baridi," mama mkwe alipenda kusema.

"Baridi gani, mama, na sisi tunachemka kama viazi?"

"Wewe piga pasi. Mimi nimelea saba."

Siku hiyo Kidagaa hakulia. Dobi alishukuru kimoyomoyo, mashuka yakapanda moja juu ya jingine. Kisha akaona kimya kimezidi. Akamshika mtoto. Mwili ulikuwa wa moto, midomo imekauka. Alimpa ziwa, akalishika na kuliachia. Nepi aliyomvisha asubuhi ilikuwa bado kavu. Na kichwa cha Dobi mwenyewe kilikuwa kikigonga kama nyundo.

Alitoka naye miguu mitupu. Jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alikuwa akifua kibarazani. Akaiacha ndoo.

"Mlete kivulini. Mvue sweta. Kofia pia."

Alichovya kitambaa katika maji ya kawaida, akampangusa mtoto kichwa, kwapa na miguu, huku akimpepea. Mama mkwe alitoka na kikombe.

"Nimpe maji?"

"Hapana, mama. Hajatimiza miezi sita. Maji yake yamo kwenye ziwa. Mpe mama yake anywe, kisha anyonyeshe mara kwa mara."

Kidagaa akanyonya kidogo. Dobi akashusha pumzi.

"Tusishangilie mapema," Shangazi akasema. "Mtoto aliyelegea hivi hupelekwa kituo cha afya, hata akinyonya. Nawe unajishika kichwa, kinakuuma. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Huioni wala huinusi. Twende."

Walirudi jioni. Mtoto alikuwa na nafuu, na nepi imelowa.

"Ukiona nepi imelowa, furahi," Shangazi akamwambia. "Hiyo ni salamu ya mtoto mwenye afya."

Waliketi kibarazani. Mume wa Dobi, fundi rangi, alikuwa amempakata mwanawe na hataki kumtoa.

"Lakini Shangazi," Dobi akauliza, "mama amelea saba chini ya bati hilihili. Mbona wao hawakudhurika?"

"Joto limeongezeka. Moshi wa viwanda, wa magari, wa misitu inayochomwa, unapanda na kuifunika dunia kama blanketi. Dunia nayo imevishwa sweta."

"Kumbe si mimi niliyezeeka," mama mkwe akasema. "Ni jua."

"Na sisi hatuna kiwanda wala gari," Dobi akasema.

"Hapo ndipo penye dhuluma. Waliochangia kidogo ndio wanaoungua kwanza. Mwenye miti na dari anaona joto ni usumbufu. Mwenye bati tupu, joto linamtafuta mwanawe." Shangazi akamgeukia mume. "Nawe, fundi, bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha jua lilikotoka."

"Nimepaka nyumba za watu wote," mume akasema polepole, "isipokuwa ninayolala."

Kesho yake, wapangaji wote wa nyumba ile walimwendea mwenye nyumba pamoja kudai hewa. Alizoea kuwafukuza mmoja mmoja, lakini siku hiyo mlango wake haukuwatosha. Akakubali bati lipakwe, na kila chumba kitobolewe dirisha la pili, upande wa pili, hewa ipite.

Lililobaki lilikuwa la Dobi peke yake. Akapanda mlimani, Kidagaa mgongoni. Bi Mashuka alikuwa amekaa chini ya miti yake, akijipepea.

"Joto la mwaka huu linatuua sote," akasema.

"Joto ni moja, bibi. Mapaa ndiyo mbalimbali. Mimi nusura nimpoteze huyu kwa kuyakinga mashuka yako na vumbi. Sasa napiga pasi alfajiri, kibarazani, vumbi likiwa bado limelala. Utaletewa nguo asubuhi, si jioni. Kama haikufai, sitakulaumu."

Upepeo ukasimama mkononi mwa Bi Mashuka. Akainuka, akamtazama mtoto.

"Hukuniambia unapigia pasi wapi."

"Hukuniuliza, bibi."

"Hukukosea," akasema. "Alfajiri, basi."

Jua halikupungua ukali. Lakini mchana mmoja, bati likiwa jeupe na upepo ukiingia huku na kutokea kule, Kidagaa alisinzia juu ya rundo la mashuka yaliyonyooshwa, yakingoja kupelekwa kesho asubuhi, akiwa na nepi tu. Alipoinuliwa, shuka la juu lilikuwa limelowa.

"Doa hilo," mama mkwe akasema. "Bi Mashuka atakufukuza."

Dobi alilikunjua shuka dirishani, akalitazama kama mtu anayesoma habari njema.

"Kidagaa ananisalimu," akasema, akaenda kuteka maji.