Panya Aliyemtoa Jasho Mzee Nukuu

Toroli la vizimba vya panya wa majaribio lilikuwa limeyeyuka usiku. Kitasa cha maabara hakikuvunjwa, dirisha halikuguswa. Palibaki kizimba kimoja tu sakafuni, kimepinduka, mlango wazi.

Inspekta alipiga magoti kukikagua. Kituoni walimwita Chokonoa, kwa kuwa mwanamke huyo akishika jambo haliachi mpaka litoe usaha. Nyuma yake Koplo alipaka unga wa kutafutia alama za vidole, akipiga chafya.

"Afande, mwizi wetu ni yule pale," alinong'ona, akimwonyesha kwa kidevu mtafiti wa dawa, dada mwembamba aliyevimba macho kwa kulia. "Ufunguo anao yeye."

"Na nani mwingine?"

"Profesa. Lakini Profesa ni Profesa, afande!"

Mchana huo baraza la taasisi lingekaa kumfukuza kazi yule dada. Ilishavuma kwamba jaribio limemshinda, ndiyo maana kawaficha panya wake mwenyewe.

"Panya wako walikuwa na thamani gani?" Inspekta alimuuliza.

"Damu yao, afande. Nimewapa dawa ya maumivu ambayo Profesa aliandika kuwa haina madhara. Leo nilikuwa nichukue kipimo cha mwisho. Naona inaharibu figo."

"Na huyo Profesa ni mtu mzito?"

"Mzee Nukuu? Andiko lake hilo limenukuliwa dunia nzima. Huwezi kuandika juu ya maumivu usimtaje. Taasisi hii inakula kwa jina lake."

"Anajua habari za figo?"

"Ni mwalimu wangu. Nilimwambia jana jioni."

Kitu kikakwaruza chini ya sinki. Panya mweupe akatoka, akasimama kujipangusa sharubu. Koplo aliruka nyuma na kopo lake la unga. Yule dada aliinama tu, akapitisha kiganja chini ya kifua cha panya, akamwinua. Panya akatulia mkononi kama yuko kwao.

Inspekta alikodoa macho. Mwizi abebe toroli zima, amwache huyu akitembea?

"Ni vigumu kumshika?"

"Hata kidogo. Tumewazoesha mikono. Mtu wa maabara hawezi kumwacha mmoja sakafuni."

"Basi mwizi wetu hajawahi kumshika panya." Inspekta alisikia damu ikimchemka kwa furaha. "Koplo, tafuta boksi."

Ofisi ya Mzee Nukuu ilijaa vyeti ukutani. Katikati, ndani ya fremu kubwa, ulining'inia mchoro wa idadi ya nukuu zake, ukipanda mwaka hadi mwaka.

"Karibu, binti yangu. Yule msichana ana kipaji, ila ana haraka ya sifa. Nasikitika sana."

"Pole, Profesa. Wewe katika jaribio lako, panya uliwashika mwenyewe?"

"Mamia! Kwa mikono hii hii. Nimeandika wazi kabisa: mwandishi mwenyewe ndiye aliyewadunga sindano."

"Vizuri. Hebu nionyeshe." Akafungua boksi mezani.

Panya alitoa pua. Mzee Nukuu alitoa ukelele, na kufumba na kufumbua alikuwa juu ya kiti, suruali kaikusanya magotini, jasho linamtiririka.

"Mtoe! Mtoe huyo!"

"Shuka umshike, Profesa."

"Siwezi! Sijawahi..." Akauma ulimi. Alikuwa amechelewa.

"Hujawahi nini?"

Panya alisogea ukingoni mwa meza.

"Sijawahi kuwashika! Nawaogopa tangu utotoni. Tarakimu zile nilizitunga. Watu wakaanza kuninukuu, wakazidi, wakazidi. Ningerudi vipi nyuma? Jana aliponitajia figo, niliona ukuta huu wote unaniangukia."

"Wako wapi?"

"Chumba cha jenereta la zamani. Nilifunika toroli kwa shuka, nikasukuma nimefumba macho. Kizimba kimoja kikadondoka."

"Mbona hukuwaua?"

"Kuwaua si lazima uwaguse?"

Koplo alicheka mpaka pingu zikamponyoka.

Panya walikutwa hai wote, chupa za maji zikiwa bado zimening'inia vizimbani. Yule dada alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akakunja mikono ya koti, akaingia kazini. Alasiri majibu yalitoka: figo zilikuwa zimeharibika, kama alivyosema. Baraza lililokuja kumfukuza lilisimama likampigia makofi, likaagiza hospitali zote zipigiwe simu kuisimamisha dawa ile. Inspekta alipiga makofi kuliko wote, akasahau kwamba amevaa sare.

Mlangoni yule dada alipishana na Mzee Nukuu, mzee akiwa na pingu mikononi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "utaniandika?"

"Nitakuandika, Mwalimu. Jina kamili, mwaka na ukurasa. Kosa lako lisipotajwa, kazi yangu haieleweki. Na kila atakayeninukuu mimi, itabidi akutaje na wewe."

Mzee Nukuu aliinamisha kichwa. Hesabu ya nukuu aliijua vizuri mno.

"Twende, Profesa," Inspekta alimshika kiwiko. "Mchoro wako bado unapanda."