Wageni wa Lusembwa Hawachimbi

Mzee Kashinje anasema dawa ndiyo iliyomuua Faith, mtoto wa dada yangu. Anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Mhudumu wa afya alikuja na vidonge vyeupe, akatia kimoja kwenye ndoo ya dada yangu, mtoto akanywa, mtoto akafa. Ndivyo anavyosema. Anaieleza habari hiyo kila anapogeuza dagaa wake, na kila siku anaongeza kidogo. Jana vidonge vilikuwa viwili.

Kashinje ni jirani yetu hapa mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki. Si mtu mbaya. Siku ya msiba alituletea kuni, na hakuondoka mpaka tulipomaliza kuzika. Lakini siku Faith alipougua, yeye alikuwa amekwenda Kipili kutafuta chumvi. Mimi nilikuwepo. Kwa hiyo nitaeleza nilivyoona.

Mimi naitwa Bertilla. Kwetu ni juu, Ufipa, kwenye baridi. Tunalima mahindi na ulezi. Tukimaliza kuvuna, watu wengi wa kijiji chetu tunashuka ziwani, kwenye mwalo wa Lusembwa. Tunanunua dagaa wabichi kwa wavuvi, tunawaanika mchangani, kisha tunawapandisha juu kuwauza. Tunakaa kwenye vibanda vya nyasi. Mvua za kwanza zikinukia, tunabomoa vibanda na kurudi shambani. Wenyeji wanatuita watu wa kiangazi.

Mwaka huu vibanda vyetu vilikuwa arobaini na kitu. Choo hakikuwepo hata kimoja.

Tulikwenda nyuma ya mawe makubwa, upande wa kaskazini. Maji ya kunywa tulichota upande wa kusini, si mbali. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, maji yote yanasogea upande wetu. Nililiona jambo hilo siku nyingi. Niliona povu na takataka zikitoka kwenye mawe, zikija polepole mpaka kwenye ndoo zetu. Sikusema. Niliishia darasa la saba. Nilidhani wenye kusema wapo.

Asubuhi ile Faith alikuwa anafukuza kunguru kwenye dagaa. Alikuwa na miaka minne. Alikuwa na kijiti chake, na kila kunguru alikuwa amempa jina. Ghafla akakaa chini.

"Mama mdogo," akaniambia, "tumbo."

Akaanza kuharisha. Choo chake kilikuwa maji matupu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akatapika. Dada yangu Edith, mama yake, akampa maji ya ndoo. Mtoto akayamaliza, akaomba mengine. Dada akampa tena. Maji yaleyale ya ziwani.

Jua lilipofika utosini, macho ya Faith yalikuwa yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo kidogo. Ilibaki imesimama kama kitambaa.

Ndipo nikakimbia kijijini kumwita Redempta. Redempta ni mhudumu wa afya wa kijiji cha Lusembwa. Alikuja mbio na mkoba wake. Akakoroga dawa ya pakiti, ile ya kurudisha maji mwilini, kwenye maji aliyokuja nayo, yaliyochemshwa. Akaanza kumnywesha kwa kijiko.

"Ameanza lini?" akauliza.

"Asubuhi," dada akajibu.

"Asubuhi! Mbona hamkuniita asubuhi?"

Dada akatazama chini. "Sisi si wa hapa. Tulijua wewe ni wa wenyeji."

Redempta alifunga mkoba. Alimbeba mtoto, tukapanda boti kwenda zahanati. Faith alikata roho kabla boti haijazunguka rasi. Dada alimfunika uso kwa kanga, kama vile jua linamchoma.

Kidonge cha kutibu maji Redempta alikitia kwenye ndoo yetu kesho yake, baada ya mazishi. Hicho ndicho Kashinje alichokiona.

Wiki ileile wakaugua watu wengine wanne wa vibandani. Redempta akawa anakuja kila siku. Kashinje alikuwa anamwaga maji yaliyotiwa kidonge.

"Mzee, usimwage!" Redempta alimwambia.

"Nyamaza, dokta wa mkoba. Hayo maji yananuka hospitali."

"Na yale ya ziwani yananuka nini?"

"Yananuka ziwa."

"Yananuka mavi yako, mzee wangu, na ya wenzako. Nyuma ya mawe yale unakwenda kusali?"

Watu wakacheka. Hata dada Edith alitabasamu, mara ya kwanza tangu tuzike. Kisha akainama akaendelea kugeuza dagaa.

Redempta akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Kipindupindu kinaingia mdomoni," alisema. "Kinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, kinaingia majini, kinarudi kwenye kikombe. Mtu anaweza kufa siku moja, kwa kuishiwa maji. Akianza kuharisha hivyo, mnywesheni dawa ya pakiti palepale, mniite palepale. Maji ya kunywa chemsheni au tieni kidonge. Lakini hayo yote ni kuziba huku kunavuja kule. Niambieni ukweli. Kwa nini hamchimbi vyoo?"

 Nikajibu mimi.

"Ardhi si yetu."

"Kwa hiyo?"

"Kwetu juu, aliyepiga matuta ndiye mwenye shamba. Ukitia jembe kwenye ardhi ya mtu, umeichukua. Ni ugomvi. Mababu zetu waliposhuka ziwani walisema, mgeni wa Lusembwa hachimbi. Ndiyo maana hata vibanda hatuchimbii nguzo. Tunafunga nyasi tu."

Redempta alinitazama. "Nani wa Lusembwa aliwakataza?"

Nikafikiri. Nikamtazama dada. Dada akamtazama Kashinje. Hakuna aliyekuwa na jina.

"Mliwahi kuomba?"

"Hapana."

"Miaka yote hiyo?"

"Tunaombaje, na sisi ni wa kiangazi?"

Kesho yake Redempta alikuja na Kasmir, mwenyekiti wa kitongoji. Ni mtu mzima, mvuvi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa. Redempta akamweleza habari ya matuta na jembe. Kasmir akavua kofia.

"Mnasema kweli?" akauliza. "Sisi hapa tulisema, watu wa juu hawapendi vyoo. Wamezoea pori. Tukawaacha."

"Kumbe mlitudharau," dada alisema.

"Na nyinyi mlituogopa. Haya, mtoto ameshakufa."

 Baadaye Kasmir akasema mchangani hapafai, shimo linabomoka, tena ni karibu na maji. Udongo mwekundu uko juu, mtelemkoni, hatua mia kutoka ziwani. Lakini pale ni ardhi ya kijiji. Yeye peke yake hawezi kuigawa.

"Andikeni barua kwa halmashauri ya kijiji," alisema. "Ipitie kwangu, niipeleke kwa mtendaji. Maneno ya mdomo yanakwenda na upepo. Barua inasomwa kikaoni, inaingia kwenye muhtasari."

"Andikeni nakala mbili," Redempta akaongeza. "Moja wabaki nayo, nyingine igongwe mhuri mrudi nayo. Wakisema hawakuiona, mnaionyesha."

Mimi ndiye niliyeandika. Sikuwa nimeandika barua tangu shuleni. Nilikaa kutwa nzima na daftari magotini. Niliweka tarehe, nikaeleza sisi ni nani na tuko wangapi. Tukaomba mahali pa kuchimba vyoo vinne, tukaahidi kwamba tukiondoka hatutadai ardhi ile. Kila mwenye kibanda alitia sahihi au dole gumba. Kashinje alitia dole gumba la mwisho.

"Nimekubali choo," alisema. "Kidonge sijakubali."

Dada Edith akaja akasimama nyuma yangu. "Ongeza," akasema. "Waandike kwamba Faith amefia hapa."

Nikaongeza.

Halmashauri ya kijiji ilikaa. Kwenye vyoo ilikubali. Kuhusu Faith, mtendaji wa kijiji alisema mambo ya vifo ni ya ofisi yake, si ya kikao. Tungoje.

Tukachimba. Tulikodoleana macho kabla ya jembe la kwanza. Watu wa juu wote tulisimama tu, mikono mitupu, kama wezi. Ikabidi Kasmir achimbe yeye pigo la kwanza, mbele yetu, ndipo tukaanza. Tulijenga kuta za matete, tukaweka mifuniko, na majivu ndani ya kopo. Kwenye kila mlango tulitundika kibuyu chirizi. Unakanyaga kijiti, maji yanachirizika, unanawa mikono kwa sabuni bila kushika kitu.

Katika majuma mawili ya kwanza aliugua mtu mmoja. Alinyweshwa dawa mapema, akapona. Baada yake hakuugua mwingine. Kashinje sasa anakunywa maji ya kidonge. Anakunywa, anafuta mdomo, kisha anaendelea kusimulia jinsi kidonge kilivyoua.

Lakini dada hakulala kwenye jambo lake. Alipanda juu, kwa mtendaji wa kijiji chetu. Alirudi baada ya siku tatu, miguu imevimba.

"Amesemaje?" nilimuuliza.

"Ameniuliza, amefia wapi? Nikasema Lusembwa. Akasema, rudi Lusembwa."

Redempta alipotujia nilimuuliza kwa nini jambo la jina ni zito. Alichora mchangani kwa kidole.

"Kila kijiji kinapeleka taarifa kwenye kata. Kata inapeleka wilayani. Wakitaka kuchimba kisima, au kuleta boti ya wagonjwa, wanatazama taarifa. Wapi wameugua? Wapi wamekufa? Nyinyi hamumo kwenye daftari la wakazi. Wagonjwa wenu hawakuhesabiwa. Lusembwa kwenye karatasi ni salama kabisa."

"Kwa hiyo kisima kitakwenda kwingine."

"Kitakwenda walikohesabiwa. Na kifo huandikwa kilikotokea, si alikozaliwa marehemu. Nimemwambia mtendaji. Mwambieni na nyinyi, mbele ya watu. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Huu unaokuja mtakuwa bado hamjarudi juu. Nendeni."

Tulikwenda. Hakuna mtu wa kiangazi aliyewahi kuhudhuria mkutano ule. Tuliketi nyuma kabisa, kwenye majani. Wenyeji waligeuka kututazama, halafu mama mmoja akasogea akatupa nafasi kwenye mkeka.

Mtendaji alisoma taarifa ya miezi mitatu. Alisoma barabara, shule, mbegu. Akafika afya.

"Ugonjwa wa kuhara, wagonjwa wawili. Vifo, hakuna."

Dada Edith alisimama. Mwenyekiti wa kijiji akamruhusu.

"Shikamooni wazazi," alisema. "Mimi ni Edith, wa vibandani. Mtoto wangu alifia hapa. Kaburi lipo pale nyuma ya kanisa, mnapita kila Jumapili. Taarifa imesema hakuna."

Mtendaji akasafisha koo. "Mama, pole sana. Lakini huyo ni wa kwenu juu."

"Juu nilikwenda. Wamesema ni wa kwenu."

Watu wakaguna. Mtu mmoja wa mbele akasema, "Mwandike bwana, ni jina moja tu." Mwingine akamjibu, "Akiandika mmoja, kesho ataulizwa kwa nini hakutoa taarifa mapema." Mtendaji alimsikia. Niliona alivyomsikia. Alikunja taarifa mara mbili.

Kasmir akasimama kutoka kwenye benchi la wenyeviti. "Barua yao niliipeleka mimi," alisema. "Ina mhuri wako, mtendaji."

Nikaitoa nakala. Ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya mfuko wa plastiki. Ikapita mkono kwa mkono mpaka mbele. Mtendaji akaisoma yote, ingawa alikuwa ameshaisoma. Kisha akafungua daftari kubwa la vifo. Akatafuta ukurasa. Akatoa kalamu mfukoni.

Upande wa milimani, juu kwetu, mawingu yalikuwa yamekaa. Kesho kutwa tungeanza kubomoa vibanda.

"Anaitwa Faith," dada alisema. Alisema polepole, kama anamsomea imla mtoto wa shule. "Miaka minne. Alifia ziwani, Lusembwa. Naomba uandike."

Mtendaji aliitazama kalamu. Dada alibaki amesimama.