Redio Ikisema Haisikii

Kila asubuhi ya msimu wa korosho, Faudhia hufagia uwanja na kuanika korosho za bibi yake juu ya turubai. Hapo kwao Likunja, wilayani Ruangwa, nani asiyejua kwamba korosho ikilowa daraja lake la ubora hushuka?

Ndiyo maana klabu ya sayansi ilipopewa redio tatu za mkononi, kama zile za walinzi, Mwalimu Fidelis alipata wazo. Mwanafunzi mmoja angekaa mlimani kutazama mawingu, mwingine mtaani kwenye korosho, naye mwalimu angebaki shuleni.

"Redio hugeuza sauti yako kuwa mawimbi, na redio ya mwenzako huyageuza tena kuwa sauti," alieleza. "Lakini chaneli yetu ni moja. Wawili mkibonyeza pamoja, mawimbi yanavurugana. Bonyeza, sema, achia, usikilize."

Mlimani alipelekwa Koleta. Faudhia alibaki mtaani, na roho ikamuuma kwelikweli. Koleta yuleyule aliyeongoza mtihani! Hata Bibi Mwamina, bibi yake mwenyewe wa kumzaa mama, alisema, "Koleta ana sauti ya mtangazaji."

"Na mimi je?" Faudhia alijiuliza, machozi yakimlengalenga.

Jumamosi mchana Koleta alianza, "Hapa mlimani. Naona..."

Faudhia akabonyeza kitufe na kukishikilia. Alipoachia, akasikia Koleta anaanza upya. Akabonyeza tena. Kule shuleni Mwalimu Fidelis alisikia mkwaruzo mtupu, akadhani betri zimekwisha. Faudhia alijichekea kimoyomoyo. Leo wataona kwamba Koleta naye si lolote.

Mvua haikubisha hodi. Ilitokea nyuma ya mlima, ikamwagika. Bibi Mwamina alitoka jikoni mbio, wakavuta turubai yeye na mjukuu wake, lakini korosho nyingi zilikwisha kulowa.

"Mbona huyo Koleta hakutuambia?" bibi alilalamika. "Kumbe alikwenda kucheza huko juu."

Faudhia alikuwa amelitaka neno la kumlaumu Koleta siku nyingi, na sasa lilikuwa chungu mdomoni kama maganda ya korosho mbichi.

Mara Koleta akafika, kalowa chapachapa, Mwalimu Fidelis nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi. Nimeita mpaka sauti imekauka," Koleta alisema. "Faudhia, hukunisikia?"

Faudhia alimtazama, akashindwa kudanganya. "Nilikuwa nakuziba. Nilikuonea wivu. Nisamehe, Koleta."

Mwalimu Fidelis aliichukua redio mkononi mwa Faudhia. "Faudhia, redio hii ikisema haisikii. Ulidhani unamziba Koleta, kumbe ulikuwa umejiziba wewe. Habari aliyokuwa nayo ilikuwa ya korosho za bibi yako."

Koleta aliinama, akaanza kutenga korosho zilizolowa na zilizo kavu. Faudhia akainama karibu naye. Jua liliporudi walizianika upya kwa tabaka jembamba, na siku zilizofuata wakawa wanakwenda kuzigeuza pamoja mpaka zikalia kama kokoto zikitikiswa.

Siku zilipokauka, Bibi Mwamina aliwaita wote wawili.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alimwambia mjukuu wake. "Mwenzako akisifiwa, wewe hupunguki kitu. Mwache aseme, umsikilize. Zamu yako ikifika, naye atakusikia."