Wankyo Hajalisikia Jina Lake

"Dada, mwaka huu tukuite Mama nani?"

Jirani mmoja, Mama Leodgar, aliuliza hivyo kisimani. Alikuwa anatania. Wanawake waliokuwa wakingoja maji walicheka. Justina hakucheka. Alijitwika ndoo yake, akaenda zake.

Ulikuwa mwaka 1975, karibu na Nyamuswa. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na mambo ya mwenzako unayaona yote. Justina na mumewe Clementi walikuwaga wakulima wa pamba kama sisi. Binti yao alikuwa na miaka mitano. Alipozaliwa alipewa jina la Wankyo, jina la marehemu bibi wa Clementi.

Mtoto alianza vizuri. Alisema "mama." Alisema "maji." Kisha akapata homa kali, shingo ikakakamaa. Mungu alimponya. Lakini tangu hapo ukimwita haitiki, na yale maneno yake yakapotea.

Kwetu mtoto akisumbuka, watu husema jina limemkataa. Mama yake Clementi alichinja kuku, akamwita mtoto Robi. Mtoto hakuitika. Baadaye akamwita Gati. Hakuitika vilevile. Ndiyo sababu Mama Leodgar aliuliza.

Sasa bibi huyo alikuwa na shauri jingine.

"Majina hayakusaidia," alisema. "Basi ni ulimi. Una uzi chini, umefungwa. Nimeongea na mzee Jilala. Pamba ikishauzwa, atakuja kuukata."

Jilala alikuwa mganga, na alikata kwa wembe. Justina alikuwa amemwona mtoto mmoja aliyekatwa hivyo. Alitoka damu kutwa nzima, na hakusema hata neno.

"Baba Wankyo, sema kitu," Justina alimwambia mumewe.

"Yule ni mama yangu," Clementi alijibu. "Niseme nini?"

Jumapili, baada ya ibada, Justina alikwenda nyumbani kwa mzee Bernado. Binti wa mzee huyo, Marcelina, alikuwa amekuja likizo. Misheni ilimpeleka chuo kikuu huko Ulaya. Alikuwa anasomea matatizo ya kusema na kusikia.

"Wenzake wanasomea sheria," mzee Bernado alipenda kusema. "Yeye chuo kizima ni masikio na ulimi! Na nyumbani bado hanisikii nikimtuma."

"Ninakusikia, baba. Ninachagua tu," Marcelina alijibu. Kisha alimgeukia Justina. "Dada, umekuja na jambo. Niambie."

Justina alimweleza yote. Jioni ile Marcelina alifika kwao.

"Karibu, binti Bernado," bibi alisema. "Lakini huyu masikio yake ni mazima. Mimi nikimwita anageuka. Tazama."

Bibi alisimama nyuma ya mtoto. Aligonga fimbo chini, akaita, "Gati!" Mtoto akageuka.

"Umeona?"

Marcelina aliitazama fimbo. Akaitazama sakafu ya udongo. Pembeni kulikuwa na rundo kubwa la pamba iliyovunwa.

"Bibi, naomba tumkalishe juu ya pamba."

Mtoto alifurahi. Alizama katika pamba, uso ukielekea ukutani, akaanza kuchambua mbegu. Bibi aligonga fimbo tena na kuita. Mtoto hakugeuka. Aliita kwa nguvu zaidi. Mtoto aliendelea na mbegu zake. Marcelina akachukua sufuria, akaipiga kwa mwiko nyuma ya kichwa chake. Kuku wakatoka mbio nje. Mtoto hata hakushtuka.

Bibi akaishusha fimbo.

"Fimbo hakuisikia," Marcelina alisema polepole. "Aliihisi kwa miguu, ardhi ilipotikisika. Jina halina kosa, bibi. Marehemu naye hana kosa. Mtoto hajalisikia tu."

Clementi aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwaga ninamchapa. Nilisema ni mkaidi."

"Wengi hudhani hivyo, kaka. Sasa umejua, usimchape tena."

"Na ulimi je?" bibi aliuliza.

Marcelina alimpaka mtoto asali kidogo juu ya mdomo. Mtoto akatoa ulimi, akailamba yote, akataka nyingine.

"Ulimi huu haujafungwa. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia wengine. Bibi, wewe unasema Kiikizu kwa kuwa ndicho ulichokisikia. Ungelelewa na Wajerumani, ungesema Kijerumani kwa ulimi huohuo."

"Mimi? Kijerumani?" Bibi alicheka. Kisha akakaza uso. "Jilala atakuja hata hivyo. Nimeshamwahidi."

"Mimi bado ni mwanafunzi, si daktari," Marcelina alimwambia Clementi. "Mpelekeni hospitali Musoma, masikio yapimwe. Na msiyatie kitu. Si mafuta, si majani, si mkojo wa ng'ombe."

Wiki ileile walipanda basi. Daktari alimpima, akasema ile homa ndiyo iliyoharibu usikivu, na hautarudi. Ulimi ni mzima. Justina alilia njia nzima. Lakini walipofika nyumbani, Clementi alisema, "Kuanzia leo ni Wankyo. Hatumbadilishi jina tena."

Marcelina aliwafundisha jioni nyingi kabla hajarudi chuoni.

"Kaa mbele yake, si nyuma. Mwanga uwe usoni kwako. Sema taratibu, na mkono useme pia. Kula, hivi. Maji, hivi. Kila kitu kiwe na ishara yake, na nyumba nzima itumie ileile. Akili anayo. Mnampa njia ya kuitolea. Na kule Tabora kuna shule ya watoto wasiosikia. Akifikisha umri, padri awasaidie kuomba nafasi."

Wankyo alizishika ishara upesi kuliko wazazi wake. Alikuwa na kiu ya maneno. Alivuta nguo ya mama yake, akaonyesha jua, akaonyesha mwezi, akitaka kila kimoja kipewe ishara. Bibi alikaa kando. "Mchezo wa vidole," alisema.

Pamba ikauzwa. Jilala akaja na mfuko wake mdogo, akapewa kiti. Mbuzi wa malipo alikuwa amefungwa uani. Justina alimkumbatia mtoto, akaomba Mungu kimoyomoyo. Clementi alisimama.

"Mama, nimekuheshimu siku zote. Lakini mwanangu hakatwi."

"Nyamaza," bibi alisema.

Wankyo akaponyoka mikononi mwa mama yake. Alikuwa ameona kitu nje, kupitia mlango. Akamkimbilia bibi, akamshika mkono. Akaweka vidole viwili kichwani, kama pembe. Akapeleka vidole mdomoni. Akaonyesha uani, kwenye jiwe ambapo muhogo ulianikwa.

Bibi alimtazama. "Mbuzi," alisema taratibu. "Anakula. Muhogo wangu!"

Alitoka mbio. Kweli, mbuzi alikuwa amekata kamba, anatafuna muhogo. Bibi alimfukuza, akarudi akihema, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Ameniambia! Mjukuu wangu ameniambia!"

"Amesema nini?" Jilala aliuliza. "Mimi sikusikia kitu." Alikuwa tayari amefungua mfuko. "Nipeni maji ya moto, tumalize."

Bibi alimvuta Wankyo, akamsimamisha mbele ya magoti yake.

"Mzee Jilala, funga mfuko wako. Wewe umekuja kumfanya aseme. Mwenyewe ameshasema. Na mbuzi anabaki."

Jilala alimtazama bibi. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa bado ameweka pembe kichwani. Akafunga mfuko wake, akainama mlangoni, akatoka.