Jina la Msichana Mwenye Birika

Kila siku shule ilipofungwa saa tisa alasiri, Marvella Gatewood alivuka barabara na kuingia katika maktaba ya mji wa Tarlow, jimbo la Mississippi. Bibi yake, Bibi Earline, alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na hakutoka kazini mpaka saa kumi na moja. Kwa hiyo kwa saa mbili nzima Marvella alikuwa mtoto wa maktaba. Alikaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, akila biskuti kwa siri na kusoma vitabu vya mazimwi.

Mkutubi, Bi. Ozella Pruitt, alijua habari za biskuti lakini alijifanya haoni. Jambo lililomsumbua ni mazimwi.

"Marvella, umemaliza rafu nzima ya mazimwi," alisema siku moja. "Njoo uone hii yangu."

Rafu yake ilikuwa ya vitabu vya historia ya Marekani vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto: vitabu vya kweli tupu, vyenye picha na ramani. Marvella alivitazama kama mtu aliyeandaliwa mboga asiyoipenda.

"Historia ni majina ya watu waliokufa na miaka ya kukariri, Bi. Ozella."

"Haya. Soma kurasa kumi za hiki. Ukichoka, kirudishe. Wala sitakuuliza kitu."

Kilikuwa kitabu chembamba kuhusu mafuriko makubwa ya mwaka 1927, wakati Mto Mississippi ulipobomoa matuta ya udongo yaliyojengwa kuuzuia na kumeza mashamba na nyumba. Marvella alisoma kurasa kumi, kisha kumi nyingine. Alisoma jinsi watu weusi kwa maelfu walivyokaa wiki nyingi kwenye mahema juu ya tuta la mto, wakilazimishwa kubeba magunia ya mchanga huku walinzi wenye bunduki wakiwazuia kuondoka. Mto wenyewe aliujua. Aliuona kila Jumapili wakienda kanisani. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uliwahi kufanya hayo.

Katika ukurasa wa thelathini na moja kulikuwa na picha ya msichana mdogo aliyekaa juu ya beseni lililogeuzwa kifudifudi, birika limefungwa kiunoni kwake kwa kamba. Alitazama moja kwa moja mbele, bila kutabasamu. Chini yake yaliandikwa maneno haya: *Msichana mwenye birika, juu ya tuta. Jina halijulikani.*

Bibi Earline alipofika kumchukua jioni ile, ilibidi amwite mara tatu.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Fontaine alimtaka kila mwanafunzi wa darasa la tano asimame na kueleza kitabu cha kweli alichosoma. Tavion Broussard alitangulia. Kitabu chake kilihusu marubani na mafundi weusi wa Vita vya Pili vya Dunia, na nyuma kulikuwa na orodha ya majina.

"Huyu ni baba wa babu yangu," alisema akigonga ukurasa kwa kidole. "Yumo kitabuni. Mnaona?"

Darasa zima likamzunguka. Zamu ya Marvella ilipofika, Tavion alikuwa bado amevimba kwa fahari. "Na wewe, Marvella, wa kwenu wako wapi?" aliuliza. "Au wamo kwenye kitabu cha mapishi?"

Watoto wakacheka. Marvella alihisi masikio yakimwaka moto. Hakupanga kusema alilolisema. Alifungua ukurasa wa thelathini na moja, akakiinua kitabu juu.

"Huyu hapa," alisema. "Huyu ni mama mzazi wa bibi yangu. Anaitwa Nettie."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Fontaine alikuja karibu, akaitazama picha ile, akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu, Marvella! Na kitabu kinasema jina halijulikani!"

Hata Tavion alisogea kuitazama. Kwa muda wa dakika kumi hivi, Marvella alijiona mtu mwenye bahati kuliko wote katika mji wa Tarlow.

Lakini habari njema hazikai mahali pamoja. Mwalimu Fontaine alimpigia simu Bi. Ozella, na Marvella alipoingia maktaba alasiri ile, mkutubi alimkumbatia mpaka miwani yake ikapinda.

"Kwa nini hukuniambia, mtoto we? Tazama." Alifungua ukurasa wa mwisho wa kitabu. Mwandishi, mwanamke aliyeishi Memphis, aliwaomba wasomaji wamwandikie iwapo wangemtambua mtu yeyote pichani, ili jina litiwe katika toleo jipya. "Barua nimeshaiandika. Bibi yako atie sahihi tu."

Marvella aliichukua barua ile na kuitia mkobani. Siku ya kwanza alisema bibi alichoka. Siku ya pili alisema bibi alisahau miwani kazini. Usiku hakupata usingizi mzuri, na mezani mkate wa mahindi aliokuwa akiupenda aliuacha sahanini. Siku ya tatu Bi. Ozella alisema, "Haidhuru. Leo nitamngoja Bibi Earline hapa mlangoni, nimpongeze mwenyewe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo. Marvella alikaa kitini pake bila kufungua kitabu. Hatimaye alikwenda mezani kwa mkutubi.

"Bi. Ozella, mwandishi wa kitabu cha kweli anajuaje kwamba alichoandika ni kweli?"

Bi. Ozella alifurahi kuulizwa. Alimwonyesha kurasa za nyuma, zilizojaa maandishi madogo ambayo Marvella aliyaruka. "Hapa anasema kila habari aliitoa wapi. Hii ni barua ya mtu. Hili ni gazeti la siku ile. Huyu ni bibi mmoja aliyehojiwa akiwa na miaka tisini. Ni kama anakwambia, 'Usiniamini hivihivi, nenda ukaangalie.'"

"Na kama mtu akimpa jina ambalo si la kweli?"

Mkutubi alivua miwani. Pengine alianza kuelewa. "Basi jina hilo litachapwa, na watoto wengi watalisoma. Na yule msichana atakuwa amepotea mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza jina. Mara ya pili ataacha kutafutwa, kwa sababu kila mtu atadhani amekwisha kupatikana."

Machozi yakaanza kumdondoka Marvella kabla hajafungua kinywa. "Simjui," alisema. "Simjui msichana huyo. Nilidanganya."

Bi. Ozella hakumfokea. Alimpa kitambaa afute machozi. "Nimesikitika," alisema. "Sitakuficha. Lakini umesema kabla barua haijaondoka, na kwa hilo nakushukuru. Bibi yako utamwambia wewe mwenyewe."

Bibi Earline alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkoba bado uko begani. Marvella alitarajia ukali. Badala yake bibi alikaa polepole, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, hilo unalijua. Lakini nikuulize. Mama yangu Nettie, mwaka huo wa mafuriko, alikuwa Vicksburg akifua nguo za watu. Hakupigwa picha na mtu. Alifua tangu alfajiri mpaka mikono ikachubuka. Je, huyo hakukutosha?"

Marvella alimshika bibi yake mkono, na hivyo ndivyo alivyoomba msamaha.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa na kusema kweli. Ilikuwa vigumu kuliko alivyofikiri. Mtu mmoja aliguna, mwingine akanong'ona, "Mwongo!" Tavion alimngoja nje ya mlango.

"Ile ya kitabu cha mapishi haikuwa nzuri," alisema akitazama viatu vyake. "Bibi yako ndiye anayempikia shangazi yangu pale kwa wazee. Shangazi anampenda sana."

"Na mimi nilidanganya."

"Ndiyo. Ulidanganya vizuri mno," alisema Tavion, na wote wawili wakajikuta wanacheka.

Alasiri ile Bi. Ozella alikuwa na jambo. "Msichana yule bado hana jina," alisema. "Umeanza kazi, ingawa umeianza kwa mguu mbaya. Sasa ianze vizuri."

Walitoa nakala hamsini za picha, na chini yake Marvella akaandika kwa mkono: *Unamfahamu?* Kila Jumamosi yeye na bibi yake walizunguka. Walikwenda makanisa saba, kwa kinyozi, kwenye duka la samaki wa kukaanga, na katika vyumba vyote vya nyumba ya wazee. Mzee mmoja alisema ni dada yake, kisha akakumbuka kwamba dada yake alizaliwa baada ya vita. Bibi mwingine alisema kwa hakika kabisa kwamba ni binamu yake Lula, lakini binamu Lula alikuwa Texas mwaka ule wa mafuriko. Marvella aliandika kila jibu katika daftari, pamoja na jina la aliyelitoa. Wiki ya nne alitaka kuacha.

"Miguu inauma, Bibi. Hakuna anayejua."

"Makanisa mawili yamebaki," alisema Bibi Earline. "Tukiacha sasa, tutasema tumetafuta?"

Wiki ya sita, mzee mrefu mwenye mkongojo aliingia maktaba. Aliitwa Lucius Hargrove, umri wake miaka themanini na tatu. Alisema mkewe alitajiwa picha hiyo kanisani na dada mmoja, lakini nakala zilikuwa zimekwisha, hivyo yeye mwenyewe hajaiona. Marvella aliruka kwenda kuleta kitabu. Bi. Ozella akamshika bega.

"Usimwonyeshe kwanza," alinong'ona. "Muulize."

Marvella akafungua daftari. "Mzee Hargrove, tafadhali niambie unachokijua."

"Mama yangu aliitwa Cordelia," alisema mzee. "Mwaka wa mafuriko alikuwa na miaka tisa. Alituambia walikaa tutani siku arobaini. Mama yake alimfunga birika kiunoni kwa kamba, akamwambia, 'Ukilipoteza hilo, hatuna cha kuchemshia maji.' Alikuwa amekaa juu ya beseni siku alipopita mzungu mmoja mwenye kamera. Mzungu yule alimpiga picha, kisha akampa chungwa." Mzee alitikisa kichwa. "Alilisimulia chungwa hilo kila Krismasi. Na sisi watoto tulimcheka. Nani angegawa machungwa pale, watu wakifa njaa? Tulisema, 'Mama na chungwa lake!' Mwishowe akaacha kulisimulia."

Marvella alinakili kila neno. Alifungua ukurasa wa thelathini na moja. Beseni lilikuwepo. Birika na kamba vilikuwepo. Bi. Ozella alileta kioo cha kukuzia, na wote watatu wakainama. Katika kunjo la gauni la msichana, chini ya mkono wake wa kushoto, palikuwa na kitu cha mviringo ambacho Marvella hakuwahi kukiona, ingawa aliitazama picha ile mara mia.

Mzee Hargrove alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa mfukoni picha kuukuu ya mama yake akiwa msichana, akaiweka kando ya ile ya kitabuni. Uso ulikuwa uleule, na macho yaleyale yasiyotabasamu.

"Nisamehe, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Chungwa lilikuwepo."

Barua ya safari hii ilitiwa sahihi na Lucius Hargrove, na ndani yake waliweka nakala ya daftari la Marvella na ya picha ya mzee, ili mwandishi akaangalie mwenyewe. Aliangalia. Aliandika maswali, wakayajibu, akaandika mengine. Katika majira ya kuchipua toleo jipya lilifika Tarlow, na Bi. Ozella akawaalika watu wote maktaba. Bibi Earline alipika kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi wa kutosha kanisa zima. Tavion alibeba viti.

Mzee Hargrove, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alimwomba Marvella amsomee. Marvella akasoma kwa sauti, mbele ya watoto, wajukuu na vitukuu wa mzee: "*Cordelia, baadaye Bi. Hargrove, miaka tisa, akiwa na birika la mama yake na chungwa alilopewa.*"

Watu wakapiga makofi, na wengine wakafuta macho. Mzee alimshika Marvella mikono yote miwili.

"Asante, mjukuu wangu. Bi. Ozella ameniambia jinsi jambo hili lilivyoanza."

Marvella aliinamisha kichwa. "Naona aibu, Mzee."

"Inua kichwa. Sikiliza, na nyinyi watoto wengine msikilize. Mimi nilisikia kweli kutoka kwa mama yangu, nikaiita uongo kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuuliza. Huyu alisema uongo, watu wakauita kweli kwa sababu ulipendeza. Sote wawili tulikosea. Tofauti ni kwamba yeye alitubu akiwa na miaka kumi na mmoja, kisha akatembea wiki sita kurekebisha kosa lake. Kweli haiji yenyewe, wanangu. Lazima mtu ajitokeze, aulize, aandike, na akubali kukosolewa. Mkifanya hivyo, hata waliosahauliwa watakuwa na majina."

Kisha akageuka kwa Bibi Earline, akamwomba kipande kingine cha kambare.